Magoti ya Jaja Geresom

Jumatatu, 25 Agosti

Daktari hakuniambia kitu. Alimwambia Nambozo, mke wa mwanangu, kwamba nipewe chochote ninachotaka kula. Nilifanya kazi magereza maisha yangu yote, nikiwafundisha wafungwa kusoma na kuandika. Sentensi hiyo naijua. Haisemwi kwa mtu anayetarajiwa kuiona Krismasi.

Basi. Umri umepita themanini. Moyo umechoka. Mikono inatetemeka, magoti yanatetemeka, sasa hata kidevu kimeanza kujifunza. Daktari ana jina lake la ugonjwa huu. Majirani hapa Mafubira wana jina lao: obuko, ugonjwa wa mtu aliyemgusa mkwe wake. Uongo mtupu. Nambozo hajawahi kunipa hata mkono. Chakula anakiweka kwenye kigoda, anapiga magoti mlangoni, ananikaribisha, anarudi kinyumenyume. Ndivyo ilivyo tangu mwanangu Timothy alipomwoa. Timothy ni polisi, kituo chake kiko Mbale, anakuja akipata likizo. Sisi wawili tunabaki na mila.

Ninachotaka mimi si chakula. Nataka mjukuu wangu Daphine akae magotini pangu. Mara moja tu, kabla sijafa. Ana miaka mitano na ananiogopa. Amemwambia mama yake kwamba jaja, ndivyo watoto wa huku wanavyomwita babu, amefuga kuku ndani ya mikono ya shati, na kuku wanataka kutoka.

Kwa jaja yake mwingine anakaa bila kuombwa. Huyo ni Norman, baba yake Nambozo, sajini mstaafu wa jeshi, mjane kama mimi, mkazi wa Mbale. Mabega kama mlango wa ghala. Mtoto anampanda kama ngazi. Shule zimefungwa, na Norman anakuja Jumamosi.

Nimeamua. Kando ya ziwa hapa Jinja pana bustani ya watoto. Bembea, mitelezo, nyumba ya mpira iliyojazwa upepo. Nitampeleka Daphine kabla Norman hajafika. Mtoto humpenda aliyemwonyesha bembea kwanza. Hili sikulisoma popote, lakini lina sura ya ukweli.

Jumanne, 26 Agosti

Norman alipiga simu kuuliza tunahitaji nini kutoka Mbale. Nikamwambia tunahitaji asije. Daphine ana surua, nyumba imefungwa, hali ni mbaya. Nilisema kwa sauti ya huzuni. Siku hizi sina nyingine.

Akasema sawa Afande, akakata. Huniita Afande kwa sababu mimi nilistaafu ofisa, yeye sajini. Katika familia hii hicho ndicho kitu pekee nilichomzidi.

Nikamtangazia Nambozo safari ya bustani, keshokutwa. Akasema kwa adabu, akiangalia sakafu, kwamba Baba hafiki hata kwenye geti la nje. Nikamkumbusha kwamba daktari alisema nipewe ninachotaka. Akasema daktari alisema chakula. Nikasema nitakula hukohuko.

Jumatano, 27 Agosti

Norman amefika. Kabla ya chakula cha mchana.

Kosa langu ni kwamba nilimpigia hesabu kama mtu mwenye akili ya kuogopa surua. Alipanda gari la kwanza kutoka Mbale. Amekuja na majani ya dawa, kuku mzima, na furushi la malewa, yale machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi ambayo kwao hakuna mgonjwa anayelazwa bila kupikiwa. Akamkagua Daphine nyuma ya masikio, tumboni, kwapani. Mtoto anacheka, anatekenywa. Hakuna kipele hata kimoja.

Nikakaa chumbani nikingoja kugombezwa. Nilikuwa nimejitayarisha. Ningesema simu ilikuwa mbovu. Akaingia, akaketi ukingoni mwa kitanda, akaushika mkono wangu ukatulia ndani ya wake kama ndege aliyekamatwa. Akasema polepole kwamba akili nayo huzeeka, Afande, usijilaumu.

Amenisamehe kabla sijaomba. Sijawahi kutukanwa hivyo tangu niajiriwe.

Halafu akasikia habari za bustani. Akasema vizuri sana, tutakwenda wote.

Alhamisi, 28 Agosti

Naandika nikiwa nimelala ubavu. Mgongo haukubali vingine.

Tulikwenda kwa bodaboda. Nambozo ya kwake, Norman na mtoto ya kwao, mimi kwa Mutwalibu, kijana mwangalifu, aliyenifunga mgongoni mwake kwa leso ya Nambozo nisianguke. Pale stejini mwenzake akamwuliza amezaa lini. Mutwalibu akajibu jana, na ameshaota mvi. Steji nzima ikacheka. Nilijaribu kuinua kidole cha onyo, lakini mikono ilikuwa ndani ya leso.

Getini alikaa mwanamke anayeitwa Santa. Akatutazama, akasema watoto wachanga wanaingia bure, na kwa hisani yake mzee naye ahesabiwe huko.

Norman akaenda moja kwa moja kwenye bembea. Akamsukuma Daphine mpaka miguu ikagusa majani ya mti. Jaja tena, jaja tena. Mimi kwenye benchi, nimeshika chupa ya maji inayocheza ngoma. Nikatazama. Nikaona.

Pana mtelezo mrefu wa bomba la plastiki ya njano. Watoto wadogo hawaruhusiwi kuteleza peke yao. Wanateleza wamepakatwa na mtu mzima. Wamepakatwa! Sheria ya bustani yenyewe inaamuru kile ninachokitafuta. Nikangoja Norman aende kununua soda. Nikamwita Daphine, nikamwuliza kama anataka bomba. Akasema anataka. Sikumwuliza anataka na nani.

Ngazi ilichukua muda. Nyuma yangu pakawa na foleni, na mtoto mmoja akaniambia jaja songa, sisi tunarudi nyumbani leo. Nikafika. Nikaketi kwenye mdomo wa bomba, nikayapanga magoti, nikayapigapiga kumkaribisha. Magoti yalikuwa yanagongana. Daphine akayatazama. Akasema atamngoja jaja mwingine. Akashuka ngazi akipitia katikati ya wenzake.

Ningeshuka na mimi. Lakini foleni ilikuwa imechoka. Sijui nani alisukuma.

Nikakwama katikati. Koti langu la sufu na plastiki ile havikupatana. Kichwa juu, miguu chini, kila kitu cha njano. Nikadhani ndiyo kufa, na nikasikitika kwamba kufa kunanuka soksi za watoto.

Chini kwenye mdomo wa bomba alikuwa Nambozo. Aliona soli za viatu vyangu. Santa akaja, akamwambia amvute mzee miguu. Nambozo akasema hawezi, ni baba mkwe. Santa, ambaye ni mtu wa kaskazini, kusiko na mila hii, akauliza kwani mkwe ana umeme. Nambozo akamwomba avute yeye. Santa akasema ameajiriwa kukata tiketi, mgongo wake haukuajiriwa. Akina mama wakakusanyika. Hakuna aliyetaka kunigusa, mzee wa watu akivunjika atajibu nani. Bomba lile linaleta sauti kama redio, sikukosa neno. Mmoja akasema binti ana haki, ukimgusa mkwe utatetemeka. Mwingine akasema lakini huyu si anatetemeka tayari. Pakawa kimya. Nikajua wote wamegeuka kumtazama Nambozo.

Ndipo mmoja wao, Hadijah, mama wa mapacha, akatoa hukumu. Kiatu si mguu. Kiatu ni ngozi ya ng'ombe, na ng'ombe si mkwe wa mtu. Binti avute kiatu. Wakakubali. Nambozo akavuta kiatu cha kulia. Kikatoka. Akavuta cha kushoto. Kikatoka. Zikabaki soksi, na juu ya soksi wakagawanyika.

Norman akarudi na soda. Nilisikia chupa zikiwekwa chini. Akapiga saluti, nina hakika, nilisikia visigino. Akasema, "Afande, naomba ruhusa ya kukutoa." Nikampa. Akatambaa ndani, akanitoa, akanibeba kifuani mpaka kwenye benchi.

Daphine alipiga makofi. Alimpigia yeye.

Jumamosi, 30 Agosti

Homa. Nambozo amelia jikoni kutwa. Majirani wameshasikia habari za kiatu. Norman ameniogesha, amenikata kucha, amenilisha uji kwa kijiko bila kumwaga. Anafanya kila kitu vizuri. Ni mtu asiyevumilika.

Kila akimaliza, Daphine anampanda.

Anasema wiki ijayo atamchukua mtoto na mama yake Mbale, wamwone Timothy. Huko nako pana bustani ya watoto, ndogo lakini nzuri, ina farasi wa chuma anayetikisika kwa umeme. Mimi nitatafutiwa mtu wa kunitunza hapa.

Nikafumba macho. Nikasema kwa pumzi fupi kwamba natamani kufia karibu na mwanangu. Norman akageukia ukutani. Nambozo mlangoni akajifunika leso usoni. Wakapiga simu, wakakodi gari.

Niliona aibu. Iliisha walipoleta chai.

Jumanne, 2 Septemba

Mbale. Mlima Wanale uko nyuma ya nyumba ya Norman kama ukuta wa gereza, ila mzuri. Njiani mimi mbele, Nambozo nyuma kabisa, kati yetu mito na kuku. Timothy alikuja na sare, akanikumbatia kama kitu cha kioo. Akaniuliza kama nina maumivu. Nikamwuliza bustani iko umbali gani. Akamtazama mkewe.

Jioni Daphine alilala kifuani kwa Norman. Alikoroma yeye, Norman hakujikuna hata mbu alipomuuma. Namchukia kwa moyo wote, kadiri moyo huu uliochoka unavyoweza.

Alhamisi, 4 Septemba

Leo imetokea.

Sikupanga. Nalisema mapema kwa sababu ni aibu kwa mtu wa mipango. Tulikwenda kwenye ile bustani. Mimi nilikuwa nimekuja na mbinu ya biskuti, na Norman akala biskuti. Nikawekwa kwenye kiti cha plastiki kivulini.

Farasi wa chuma alikuwa ameharibika. Pembeni yake fundi alikuwa amechomoa waya, akaondoka. Daphine akapanda, akangoja. Akapiga teke. Hakuna kitu. Akaanza kulia, kile kilio cha mtoto aliyeahidiwa tangu asubuhi. Norman akamtikisa farasi kwa mikono yake, akafaulu kuling'oa sikio.

Nikasema tu. Sijui kwa nini nilisema. Nikasema, "Njoo kwangu. Mimi siharibiki."

Akaja akiwa na machozi. Akayatazama magoti yangu, safari hii kwa jicho la mnunuzi. Akapanda. Na magoti yakafanya yanayofanya usiku na mchana tangu nistaafu, bila umeme na bila fundi. Akanyamaza. Akacheka. Akashika koti langu kama hatamu, akasema, "Kimbia, jaja!" Mimi huyo, jaja. Hakuna mwingine aliyekuwa chini yake.

Ni mwepesi. Nilidhani atakuwa mzito zaidi.

Watoto wengine wakapanga foleni. Nikawafukuza wote.

Norman alisimama mbali na sikio la farasi mkononi. Alikuwa anatabasamu, na macho yamelowa. Nilitarajia uso mwingine. Nilikuwa nimeungoja sana.

Ijumaa, 5 Septemba

Nilisema mara moja tu. Nilikuwa mjinga. Mara moja ni kama kuonjeshwa mchuzi mlangoni.

Nimefikiri jambo. Asubuhi na jioni nameza vidonge vya kutuliza mtetemeko. Yaani naidhoofisha rasilimali yangu mwenyewe. Hata hivi jana nilikuwa nusu tu. Je, nikiwa kamili?

Vidonge vya leo nimevitemea kwenye chungu cha maua.

Jumamosi, 6 Septemba

Alipanda tena, uani kwa Norman. Nilikuwa na nguvu kuliko farasi yeyote wa chuma. Alicheka sana. Halafu goti la kushoto likaruka lenyewe, mbali na mwenzake, kama lililoitwa na mtu. Daphine akaangukia zege kwa mkono.

Kilio chake nitakisikia huko niendako.

Sikuweza kuinama. Nambozo alikuja mbio, na ili amfikie mtoto ilibidi anisukume pajani kwa kiganja chake kizima. Alinigusa.

Kifundo cha mkono kimeteguka. Hakikuvunjika. Amefungwa bandeji. Norman amekaa naye magotini mpaka akasinzia. Magoti yake yametulia kama meza.

Jumatatu, 8 Septemba

Siwezi kusimama. Bila vidonge mwili umekuwa mti, na nilipovirudia tumbo limekataa. Timothy ameomba ruhusa kazini. Najua maana yake. Ameletwa Kasisi Wamboga, jirani yao, nitubu.

Nikatubu. Nilimwambia yote. Surua, bomba, kufia karibu na mwanangu, vidonge kwenye maua. Kasisi alikohoa mara mbili kwa njia ya mtu anayeficha kitu kingine. Kisha akasema Mungu ameshasikia, sasa nimwambie Norman.

Norman akaja. Nikamwambia surua ilikuwa uongo. Akasema alijua tangu siku ile. Kuhusu bomba akauliza nilikuwa natafuta nini humo ndani, mzee wa umri wangu. Nikamwambia nilitaka Daphine anikalie magotini. Askari yule akalia kwa sauti.

"Afande," akasema, "ungesema tu. Ningekuletea."

Akatoka, akarudi na mtoto. Daphine hakuogopa. Alikuja mpaka kwenye mto, akainua mkono wake wenye bandeji, akataka niupulize upone. Nikaupuliza, nikampulizia na nywele. Akasema jaja akipona watakwenda tena, na yeye atashika vizuri zaidi. Akaniwekea shavu lake begani. Lilikuwa lina moto, linanuka maziwa.

Ningefumba macho hapo. Mtu mwenye akili angefumba.

Lakini nikaona kwamba mkono wake mwingine, ule mzima, umeshika kidole cha Norman. Wakati wote ule. Hakukiachia.

Jumanne, 9 Septemba

Kesho haina uhakika, kwa hiyo leo ni lazima iwe yangu nzima. Alfajiri, Nambozo akiwa bado amelala, nilimwita Norman. Nikamwambia kwa pumzi fupi kwamba nataka kuzikwa na suti yangu nyeusi, ile niliyofungia ndoa, na iko Mafubira ndani ya sanduku. Siwezi kumwamini mtu mwingine. Kwenda Jinja na kurudi, na kuipiga pasi, hatarudi kabla ya usiku. Aliinama, akanibusu paji la uso. Akasema, "Amri imepokelewa, Afande."

Suti iko hapa. Nimeilalia. Nambozo aliipakia tulipokuja, kwa sababu ni mwanamke wa kufikiria mbele, na nikaichomoa begini mwenyewe juzi, ilinichukua asubuhi nzima.

Mpango haukuwa na kasoro. Nilisikia gari likiwaka. Nikajipanga, nikamwomba Timothy aniinue kwa mito, aniletee kiti, anifunge leso kiunoni ili nimfunge mtoto nayo asianguke. Nikasema sasa mleteni Daphine.

Timothy akasema hayupo. Alipomwona Norman anapanda gari alilia, akasema anataka kwenda kumchukulia jaja nguo zake nzuri. Norman akamchukua.

Kwa hiyo nimekaa. Kiti kinaelekea barabarani. Leso iko tayari. Miguu imekuwa baridi mpaka magotini, na magoti yenyewe, jambo la ajabu, yametulia kabisa. Nambozo ameleta uji, na safari hii hakuuacha kwenye kigoda. Ameketi karibu, anautia kinywani mwangu mwenyewe. Sijui kwa nini anavunja mila leo.

Kosa ni dogo. Nilipaswa kumzuia mtoto kwanza, ndipo nimtume mzee. Suti hawataiona. Watarudi mikono mitupu, wamechoka, na hapo nitamwambia Norman haiko sandukuni, iko kwa dobi, kule Walukuba, Jinja. Arudi asubuhi. Peke yake.